Ndiyo, Ni Mimi Yule wa "Active"

Ile sauti aliyorekodi rafiki yangu na kuwatumia, akisimulia aibu yangu ya kazini, mmeshaisikia, najua. Ametia chumvi. Anasema nilipiga meza. Sikupiga meza, niliigusa kwa msisitizo.

Jana usiku tulikuwa tunafungua kikao cha BGP (ndiyo lugha ambayo ruta, mashine zinazoelekeza data, hupeana njia za intaneti) na jirani mpya, yaani mtandao mwingine. Namba ya AS yao (ya kuutambulisha mtandao wao), anwani, nenosiri, vyote nimeweka. Naangalia hali: Active. Kiingereza changu cha shule kikaniambia hiyo ni hai, inafanya kazi. Nikaandika kwenye grupu la kazi, bosi akiwemo: "Kikao kiko hewani wakuu." Nikaongeza na vikatuni vya makofi.

(Watu wa ruta najua mmeshashika vichwa. Ninyi wengine: Active maana yake ruta inabisha hodi na haijaitikiwa. Kikao kikikamilika huandikwa Established.)

Saa nzima, hakuna njia hata moja iliyoingia. Napiga ping, kile kipimo cha kuona kama mashine ya pili inafikika, inapita safi. Basi kosa ni la jirani! Nikampigia mhandisi wao, nikaweka spika ili ofisi ijue kazi inavyofanywa.

"Dada, amkeni huko. Kwangu iko Active."

Kimya.

"Active?"

"Active kabisa dada yangu. Tangu saa nne."

Nyuma yangu kiti kikalia kwiii. Mtu akakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

"Kaka," akasema taratibu, kama anayemwambia mtoto kwamba viatu amevaa kushoto kulia, "pakiti zako zinatufikia poti 179. Tunajibu. Majibu yanaishia kwako. Una akses-listi yoyote kwenye hiyo intafesi?"

"Sina."

"Hebu itazame."

Nikaitazama hiyo akses-listi, orodha ya pakiti zipi zipite na zipi zikataliwe. Spika bado iko wazi, jamani, mikono imesahau kazi yake. Mstari wa kwanza: ICMP (pakiti za ping), ruhusu. Ndiyo maana ping ilipita. Mstari wa pili: TCP (inayobeba BGP) kutoka kwa jirani, kataa. Pembeni kihesabio cha zilizokataliwa kinapanda: 411, 412, 413. Kila namba ni dada wa watu anaitikia hodi yangu, nami namfungia mlango usoni. Na juu ya mstari huo kuna maelezo niliyoandika kwa mkono wangu juzi: USIGUSE.

"Umeona kitu?"

"Kuna... kuna mstari."

"Wa nani?"

Wadau, hilo swali lilikuwa na haja gani?

"Wa huku... huku kwetu."

Nikaruhusu 179, mlango wa BGP, Established ikatokea, njia zikamiminika, nikashukuru, nikakata. Bosi akaujibu ule ujumbe wangu wa makofi kwa neno moja: "Sasa?" Asubuhi grupu limeshabadilishwa jina, msiniulize linaitwaje.

Na wewe uliyerekodi, pokea simu. Nimepiga mara saba. Niko Active.