Mwezi wa Vitabuni na Mwezi wa Umoja

Tulikuwa juu ya paa la ploti yetu mtaani Umoja, Nairobi, tukianua nguo, mpwa wangu wa miaka sita alipoelekeza kidole magharibi. "Mjomba, mbona huo mwezi umelala?" Kweli, mwezi mchanga ulikuwa chali, pembe zote mbili juu, kama mashua. Kwenye kitabu chake cha picha umesimama wima kama mundu.

Kitabu hicho kilitoka Uingereza, na mchoraji wake hakudanganya. Upande unaong'aa wa mwezi daima hulielekea jua. Sisi tuko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, na mwezi hulifuata jua likizama karibu moja kwa moja kwenda chini, kwa hiyo mwanga huupiga kwa chini. London njia hiyo imeinama, mara nyingi sana, basi mwezi huegemea ubavu. Picha ni sahihi, kwao.

Nalitaja hili kwa sababu wanaotaka vitabu vya sayansi na mazingira vilivyoandikiwa watoto wa hapa huchekwa kwamba wanauza uzalendo kwa bei ghali. Na bei ni hoja ya kweli. Kwa wauzaji wa "inama", wale wanaotandaza vitabu chini kando ya barabara, katikati ya jiji nilinunua kitabu cha mtumba kuhusu sayari kwa shilingi 100: jalada gumu, karatasi nene isiyoraruka, rangi zinazometa. Kipya cha hapa kina kurasa chache, pini mbili mgongoni, na tangu 2013 kinabeba VAT ya asilimia 16.

Rafiki yangu, mwalimu wa gredi ya pili, ana hoja nzito zaidi. "Kaka, hawa wangu hawajawahi kuona twiga. Twiga na theluji kwao ni hadithi zilezile." Mbuga ya Taifa iko papa hapa jijini, lakini jumlisha kiingilio na nauli ya familia nzima uone. Tena nani atatuchorea pete za sayari ya Zohali kienyeji?

Namkubalia. Ila theluji haibishani na dirisha. Mtoto akiisoma anajua ni mambo ya mbali, ameongeza kitu. Mwezi ni uleule mmoja, uko juu ya kamba ya nguo. Na angalieni alivyouliza yule mtoto: hakusema kitabu kimekosea, alisema mwezi umelala, kana kwamba unaumwa. Kati ya karatasi na macho yake, aliamini karatasi. Hilo halijanitoka hadi leo, maana katika umri ule sayansi yote ni kutazama tu. Ukimfundisha kuyashuku macho yake, hata pete za Zohali hazitamsaidia.

Tafsiri nazo huongeza kizaazaa. Nimesoma Kiswahili safi kabisa kikisema kiangazi ni Juni hadi Agosti na siku huwa ndefu. Julai ya Nairobi! Mtoto kavaa sweta mbili, pua inamchuruzika, anasoma kwamba ni kiangazi. Siku ndefu zipi, wakati jua letu huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na saa za Kiswahili zenyewe zimehesabiwa kutokea hapo?

Hata bila twiga, mtoto wa Umoja ana mwewe anayemnyang'anya mandazi uwanjani, siafu, na wale korongo wenye vipara wanaochokora taka Dandora. Korongo huyo hujinyea miguuni ili apoe joto. Mpe mtoto ukurasa huo uone kama atakiacha kitabu.

Lakini kuchapishwa hapa peke yake si dawa. Nimekinunua kimoja cha Nairobi, cha Kiswahili, bei ya kuumiza. Ukurasa wa mwisho mtoto analala, na dirishani kuna mwezi uliosimama wima, mundu uleule, tena nyota imewekwa katikati ya pembe zake, mahali ambapo mwezi wenyewe ungeiziba. Mchoraji alinakili mchoro wa mwenzake wa ng'ambo. Angetoka nje saa moja jioni, siku ya tatu baada ya mwezi kuandama, akatazama magharibi kabla ya kupanda matatu.