Ndimu za Umeme

Nakiri mapema: ile karatasi ya skuli niliisaini mimi, tena kwa chaki ya kukatia nguo, maana kalamu usiku ule zote zilikuwa zimehama nyumba. Imeandikwa wazi: mradi wa sayansi uwe kazi ya mwanafunzi mwenyewe, mzazi asimfanyie. Mzazi nikathibitisha. Haikupita saa nzima nikawa nimeshaivunja ahadi.

Mngefanyaje nyinyi? Karatasi imekaa kwenye mkoba wa Zuhra wiki tatu, imekunjwa kama sambusa. Imekuja kuonekana Jumatano saa tatu na nusu ya usiku, watu wameshatandika.

"Baba, maonesho ya sayansi keshokutwa."

"Na wiki tatu zote hizo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nawaza."

Mie wakati wangu mtoto akionekana anawaza, anatumwa dukani.

Mradi wenyewe ati ni kuwasha taa kwa ndimu. Nikacheka. Halafu kicheko kikanikatika, kwa sababu mie ni mmoja wa waliokuwepo Unguja ule mwaka. Umeme wa kutoka bara ulikatika Disemba 2009, tukauona tena Machi 2010. Miezi mitatu! Na 2008 tulikuwa tumeshapigishwa mazoezi ya kama mwezi mmoja. Fundi cherehani mie, nilishona gauni la bibi harusi kwa kandili, mkono mmoja ukatoka mrefu kuliko mwenzake. Mpaka leo ile familia tukikutana njiani wanaangalia upande wa pili. Sasa mtu kama mie ukimwambia ndimu inatoa umeme, unategemea alale?

Nikamuuliza, taa moja ya nyumba, ya wati 10, itataka ndimu ngapi? Akachukua daftari. Ndimu moja, anasema, inatoa kama volti 0.9, lakini mkondo wake ni mdogo mno, haufiki hata miliampea moja. Akazidisha, akagawa, akafuta.

"Kama elfu ishirini hivi, Baba."

Elfu ishirini! Kwa bei ya Darajani ya siku hizi, bora ninunue jenereta na nimuajiri mtu wa kuipepea.

Basi asubuhi nikafunga kibanda Jang'ombe, nikapanda daladala. Darajani nikachagua ndimu kumi na mbili, nazibonyeza moja moja. Kijana muuzaji akaniuliza, "Za urojo, mzee?" Nikamwambia, "Za umeme." Akanihesabia haraka haraka, akazitia mfukoni bila kunigusa mkono.

Misumari ya mabati nikapata, ile iliyopakwa zinki. Ilibaki waya wa shaba. Nyumbani kuna pasi ilikufa siku nyingi, nikaukata waya wake nikauchuna vizuri. Jioni nikaja kuambiwa kwamba haikuwa imekufa. Ilikuwa imechomolewa tu. Hilo tuliache, bado tunalizungumza na mama Zuhra.

Zuhra aliniagiza kijitaa cha LED. Mie nikaona, LED ya nini, kitu kidogo kama jicho la panya, mtoto wangu aonekane masikini? Nikanunua balbu ya tochi, ile ya zamani, kubwa, yenye heshima. Usiku nikamwambia, nenda kalale, mwanangu, kesho una shughuli.

Nikapanga ndimu zangu mezani. Kila moja msumari huku, shaba huku, waya unatoka kwenye msumari wa hii unaingia kwenye shaba ya ile. Nikagusisha balbu. Kimya. Nikazisugua waya. Kimya. Nikazifinyanga ndimu kwa kiganja kama mtu anayekanda mkate. Wenzangu wa barazani wakaona taa haizimwi ndani wakaingia kuangalia kuna mgonjwa gani. Mmoja akasema tia chumvi. Mwengine akasema hizi ndimu za shamba gani, zingekuwa za Pemba zingewaka. Wa tatu hakusema kitu, alikamua moja kwenye chai yake. Mpaka saa nane ya usiku meza nzima inanuka achari, na balbu haijawahi hata kupepesa.

Alfajiri Zuhra akaamka, akaangalia mara moja tu.

"Baba, balbu ya tochi inataka mkondo mkubwa. Ndiyo maana nilisema LED."

Akaenda kwenye kigari kibovu cha mdogo wake, akang'oa kijitaa chekundu. Akachukua ndimu nne. Nne tu! Nikamwambia lete nifunge mie, angalau heshima inirudie. Nikafunga. Kimya. Akakigeuza miguu.

"Mguu mrefu unakaa upande wa shaba."

Kikawaka. Kidogo, chekundu, kama ncha ya udi. Nikapiga kelele mpaka jirani akauliza nani kafariki.

Skulini nako kulikuwa na vituko vyake. Kila mzazi amesimama nyuma ya meza anajifanya kapita njia. Kuna mtoto kaja na feni ya jua, vyuma vimechomelewa vizuri kuliko geti langu, na babake ana welding, sote tunamjua. Mwengine kaleta volkeno ya udongo inayotema povu la siki. Unguja hii hatuna hata mlima wa kumchosha punda, volkeno tumeitolea wapi?

Mwalimu mmoja wa kupima akafika kwetu. "Umeme huu unatoka wapi?" Mie barazani nilishawaambia watu unatoka kwenye ukali wa ndimu, nikajikohoza nimsaidie. Zuhra hakuniangalia. Akasema ndimu haina umeme. Zinki ya msumari ndiyo inayoliwa na asidi taratibu, elektroni zinapita kwenye waya kwendea upande wa shaba. Akaongeza kwamba Mtaliano Alessandro Volta alitengeneza betri mwaka 1800 kwa maji ya chumvi. Kumbe yule wa chumvi barazani hakuwa mbali sana. Sitamwambia.

"Na Baba amekusaidia?"

"Ndiyo. Alikesha na ndimu kumi na mbili, nikajua njia ambayo haifanyi kazi."

Mwalimu akaandika. Aliandika kwa muda mrefu, na mabega yanamtikisika.

Tukapata nafasi ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa volkeno. Sina kinyongo, nimesema tu.

Nyumbani tukakuta mama Zuhra kakaanga changu, harufu imefika mpaka njiani. Akachukua ndimu moja katika zile zenye matundu akaiweka juu ya samaki.

"Mama, usikamue! Zimeingia zinki na shaba, hizo hazifai kuliwa."

Zote zikatupwa. Nikamkumbuka yule wa chai, nikaona bora ninyamaze. Mama Zuhra akaniangalia, kisha akaangalia ile pasi isiyo na waya, kisha akaniangalia tena. Nikavaa makubadhi, nikarudi Darajani.

Yule kijana aliniona tangu mbali.

"Vipi mzee, umeme umekatika?"