Laini Ilikuwepo Kabla ya Ghorofa

Tangu Nakuru ipandishwe hadhi na kuwa jiji mnamo Desemba 1, 2021, hoja moja imekuwa ikirudi kila barabara inapokarabatiwa na kila jengo jipya linapochomoza: kwamba nguzo za stima na nyaya zake zinaliaibisha jiji, na kwamba zinapaswa kuzikwa ardhini kama ilivyo katika majiji ya Ulaya. Wanaoitoa hoja hiyo si watu wa kubezwa, na baadhi yao wanasukumwa na uchungu wa kweli. Hata hivyo, naona kwamba lawama imeangukia mahali pasipostahili, na kwamba laini ya juu, yaani nyaya zinazopitishwa kwenye nguzo, haijapata mtu wa kuitetea.

Yaliyo kweli katika madai yao ni mengi. Nguzo ya mbao huoza pale inapokutana na udongo, na mchwa wanaweza kuimaliza kwa ndani huku nje ikionekana nzima, hadi usiku mmoja wa mvua na upepo uilaze barabarani na kuuacha mtaa mzima gizani. Miti ya kando ya barabara hukatwa vilele mwaka hadi mwaka ili isiguse nyaya. Kisumu na sehemu nyingine za kandokando ya Ziwa Viktoria zina ngurumo na radi nyingi kupita kiasi, na transfoma iliyotundikwa juu ya nguzo haina pa kujificha. Waya uliozikwa haukatwi na tawi wala hauyumbishwi na upepo. Katikati ya London na Paris hutaona nguzo hata moja ya umeme. Zaidi ya hayo yote, nyaya za juu huua.

Kuhusu vifo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu kuna hesabu ndogo ambayo imekuwa ikinisumbua. Nondo, au vyuma kama mafundi wetu wanavyoviita, huuzwa vikiwa na urefu wa mita 12. Nguzo ya kawaida ya mtaani ina urefu wa mita 10 au 11, na takriban sehemu moja kwa sita ya urefu huo huzikwa ili isimame imara. Nguzo ya mita 11, kwa hiyo, hubaki na mita 9 na kitu juu ya ardhi. Kijana wa mjengo akikisimamisha chuma kimoja kando ya barabara, bila kupanda ngazi wala jukwaa, ncha ya chuma hicho itaipita nguzo kwa karibu mita 3. Laini iliyo juu ya nguzo hiyo mara nyingi ni ya volti 11,000, ilhali nyumbani tunatumia 240, na nyaya zake hazijavikwa kitu chochote. Chuma hakihitaji hata kuugusa waya wa aina hiyo. Kuukaribia sana kunatosha.

Niliishuhudia hesabu hiyo kwa macho katika mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, mbele ya jengo lililokuwa limefika ghorofa ya tatu. Vyuma vilikuwa vikipandishwa kwa mkono: kijana wa chini anakiinua, wa ghorofa ya kwanza anakipokea, wa juu anakivuta. Chuma cha milimita 12 hakitulii kikisimamishwa. Ncha yake ilikuwa ikiyumba kama ufito wa kuvulia samaki, na kila ilipoinamia upande wa barabara, ambako laini ilipita, foromani alipaza sauti: "Ndani! Lete ndani!" Nilimwuliza kwa nini wasivikate kwanza vikiwa chini. "Mzee," akaniambia, "ukikata, lazima vilaliane kwenye kiungo, karibu nusu mita au zaidi. Hivyo viungo ni pesa, na mwenye ploti hataki kusikia." Nilisimama pale hadi chuma cha mwisho kikapanda. Hakuna aliyeumia siku hiyo. Kilichowaokoa vijana wale watatu kilikuwa sauti ya foromani na hewa tulivu ya asubuhi.

Msomaji atasema kwamba hiyo hasa ndiyo sababu ya kuzizika nyaya. Mimi naisoma tofauti. Laini ile ilipitishwa wakati Section 58 ilipokuwa mtaa wa nyumba za chini, zenye ua na bustani, ambazo mapaa yake hayakuukaribia waya hata kidogo. Laini haijasogea tangu wakati huo. Kilichosogea ni ukuta. Kwanza ua ukaliwa ili maegesho yapatikane, kisha ghorofa zikapanda, kisha, kwa sababu vyumba vya juu vinakodishwa vizuri zaidi vikiwa na roshani, roshani zikatokezwa nje hadi mpangaji anayeanika nguo aweze kuhesabu kwa karibu vikombe vinavyoshikilia nyaya kwenye nguzo. Sheria inatambua ukanda unaopaswa kuachwa wazi chini na kando ya laini, na mwenye ploti anaweza kuiomba kampuni ya umeme, Kenya Power, iihamishe laini kwa gharama yake mwenyewe kabla ya kuanza kuchimba msingi. Wanaofanya hivyo wapo, nao wanastahili kuigwa. Lakini yule anayeuona waya kila siku na bado akatokeza roshani yake hadi chini yake, atauheshimu vipi waya uliofichwa ardhini, ambao sururu ya kibarua wake au meno ya tingatinga yatakuwa ya kwanza kuugundua? Tukizizika nyaya huku tabia ya ujenzi ikibaki ilivyo, tutakuwa tumeihamishia hatari kwenye shimo la msingi, mahali ambapo hata foromani mwenye sauti kubwa hana cha kuonya.

Gharama nayo haiwezi kupitwa kimyakimya. Mradi wa kufikisha umeme majumbani unaojulikana kama Last Mile, uliozinduliwa mwaka 2015, uliwaunganisha watu waliokuwa ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, na ada ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, tena kwa malipo ya awamu. Kilichowezesha hilo ni nguzo ya mikaratusi na waya wa alumini. Kuzika laini hugharimu mara kadhaa zaidi ya kuipitisha juu; katika jimbo la California nchini Marekani, kampuni ya PG&E, ambayo mwaka 2021 ilitangaza mpango wa kuzika maili 10,000 za nyaya ili kuzuia mioto ya misituni, inahesabu gharama hiyo kwa mamilioni ya dola kwa kila maili. Hapa kwetu, fedha za namna hiyo zisipotoka serikalini hutafutwa katika bei ya umeme. Mama wa mitaa ya kipato cha chini kama Kaptembwa au Rhonda anayenunua tokeni za shilingi 100, na ambaye hujitahidi asivuke yuniti 30 kwa mwezi ili abaki kwenye bei ya chini, angekuwa akichangia kusafisha mandhari ya mtaa asiokaa. Jambo hili linaniuma kuliko nguzo iliyoinama.

Tokyo, jiji lenye fedha na wahandisi wa kutosha, bado lina nguzo na nyaya katika mitaa yake mingi. Sioni aibu ya Nakuru inatoka wapi.

Ardhi yetu pia ina la kusema. Sehemu kubwa ya Kisumu na nyanda za Kano imelalia udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na mwendo huo wa kila msimu huvuta viungo vya kila kitu kilichozikwa ndani yake. Nakuru imekaa ndani ya Bonde la Ufa, juu ya majivu ya volkeno, na wakazi wa upande wa magharibi wa mji wanajua jinsi ardhi inavyoweza kudidimia ghafla baada ya mvua kubwa. Hitilafu ikitokea kwenye laini ya juu, fundi huitafuta kwa macho akitembea kutoka nguzo hadi nguzo. Ikitokea ardhini, huhitajika mitambo ya kuitafuta, kisha kuchimba, kisha kuunga upya, na wakati huo wote mwenye kinyozi na muuza samaki mwenye friji wanangoja.

Ni haki pia kuuliza ni nyaya zipi hasa zinazoyakera macho. Inua kichwa katika mtaa wowote wenye maduka na uhesabu: za umeme ni nne au tano, zimenyooka. Zile zinazoning'inia kama kamba za kuanikia, na mizunguko iliyofungwa kwenye nguzo kwa waya wa kufungia, ni za intaneti, na nyingine zimeachwa na watu waliokwisha kuhama. Kuziondoa zilizokufa na kuzifunga vizuri zilizo hai hakuhitaji hata futi moja ya mtaro.

Sisemi kwamba pasizikwe kitu. Katikati ya jiji, ambako magari ya zimamoto lazima yapate nafasi ya kuinua ngazi na ambako biashara zinaweza kuubeba mzigo, nyaya zizikwe. Kisumu ilipotengeneza upya njia za waendao kwa miguu katikati ya jiji, wakati ikijiandaa kwa mkutano wa Africities wa Mei 2022, ilionyesha kwamba barabara ya zamani inaweza kufumuliwa na kupangwa upya. Barabara ikifumuliwa namna hiyo, mabomba matupu ya kupitishia nyaya yalazwe chini wakati huohuo, hata kama nyaya zenyewe zitakuja baada ya miaka 20, kwa kuwa gharama kubwa ni ya kuchimba. Mitaani, pale majengo yalipokwisha kusogea, nyaya za kupelekea umeme majumbani zibadilishwe kuwa zile zilizovikwa plastiki na kusokotwa pamoja, na nguzo zilizooza zipishe za zege.

Kabla ya hayo yote kuna karatasi moja ya kurekebisha. Ramani ya jengo la ghorofa inayopelekwa kaunti kuidhinishwa huonyesha mipaka ya ploti, ngazi, choo, mfereji wa majitaka, hata mahali pa kuegesha magari. Katika zile nilizowahi kufunuliwa mezani, laini ya umeme inayopita mbele ya ploti haikuchorwa. Ichorwe, ikiwa na kimo chake kutoka ardhini na umbali wake kutoka kwenye roshani, na kando yake iandikwe mahali ambapo vyuma vya mita 12 vitapandishiwa.