Vijana wa kujitolea Mtwara: fagio wamepewa, daftari je?

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku iliyotengwa kwa usafi nchi nzima, nilipita mtaa mmoja wa wavuvi hapa Mtwara. Maji yalikuwa yamekupwa. Vijana kama ishirini wa rika la sekondari walikuwa ufukweni na viroba, wakiokota chupa za plastiki, vipande vya nyavu na kandambili zilizopotezana na wenzake. Hawakuwa na mwalimu wala mgambo. Walikuwa wamepangana wenyewe nani aanzie kwenye mikoko na nani ashike daftari la kuhesabu viroba. Mzee mmoja aliyekuwa akiziba mtumbwi wake aliwatazama kwa muda, kisha akaniambia: "Kazi hii sisi tuliifanya kwa kiboko. Hawa wanaifanya kwa hiari yao, na taka zitarudi vilevile."

Baada ya wiki mbili nilirudi. Viroba vilikuwa palepale vilipoachwa, baadhi vimeraruliwa na kunguru. Gari la taka lilikuwa halijafika.

Maneno ya mzee yule nimekaa nayo sana, maana ndani yake kuna hoja ya wanaowaunga mkono vijana hawa na hoja ya wanaowaonea mashaka. Nianze na ya kwanza, kwa sababu ndiyo ninayoiamini zaidi. Kijana aliyewahi kuitisha kikao cha wenzake, akamsubiri anayechelewa bila kumtukana, akatunza shilingi elfu kumi za maji ya kunywa na kuzisomea hesabu mbele ya waliochanga, amejifunza jambo ambalo ubaoni halifundishiki. Na kazi yenyewe si mapambo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa bado zinaletwa na maji na kunasa kwenye mizizi ya mikoko, mahali ambapo kamba na samaki wadogo hukulia. Mtoto wa mvuvi anayesafisha mikoko anasafisha jiko la kwao.

Mashaka nayo yana mizizi. Kizazi cha mzee yule kilisoma chini ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Wengi wanaikumbuka kwa jembe na shamba la shule, na kwa viboko vya aliyechelewa shambani. Ukisoma maelezo yake, hata hivyo, utakuta wanafunzi walitakiwa pia kushiriki katika uamuzi: shamba ni lao, na mipango yake waijadili. Jembe lilidumu, uamuzi ukafifia. Ndiyo maana mzazi akisikia leo kwamba mwanawe anaitwa "kuitumikia jamii", swali lake la kwanza ni nani kamtuma. Swali hilo ni la haki. Nimeona shughuli ambazo vijana walifyeka nyasi tangu alfajiri, wakubwa wakaja saa nne kupiga picha na kutoa hotuba, na aliyepanga kazi yote hakupewa hata nafasi ya kusema jina lake.

Sheria zetu zenyewe zinamwacha kijana wa miaka 16 katikati ya mto. Sera ya vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kuwa kijana, kwa kuwa inaanzia miaka 15 hadi 35. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita mtoto, na inampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Mkutano mkuu wa kijiji unaanzia miaka 18. Asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vijana nayo haimfikii aliye chini ya umri huo. Kwa hiyo kikundi cha wanafunzi kikipata msaada wa reki, glavu na nauli, lazima mtu mzima ashike fedha. Mtu mzima mwema ni neema kubwa. Asiye mwema huanza kwa kushika fedha, akaendelea kwa kushika maneno, na kufikia mwaka wa pili vijana wanafuata ratiba yake.

Lakini linaloniumiza kuliko yote halihusu fedha. Linahusu nani anayepata nafasi ya kujitolea. Korosho huanza kuokotwa karibu na Oktoba, na Novemba kuna mitihani ya kidato cha pili na cha nne. Likizo ya Juni kwa familia nyingi za wakulima ni wakati wa kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, na kwa wengine ni wakati wa jando na unyago. Kijana wa Shangani, hapa Mtwara mjini, ambaye mzazi wake anaenda ofisini ana Jumamosi yake. Mwenzake wa Tandahimba au Nanyamba, huko kwenye mashamba ya korosho, hana. Kule Newala, juu ya uwanda wa Makonde ambako maji ni shida ya siku zote, kuna mabinti waliobeba ndoo tangu utotoni, za kwao na za bibi jirani asiyeweza kutembea. Hiyo ni huduma kwa jamii kabla ya mtu yeyote kuiita hivyo, na cheti haina. Tukiendelea kutafuta viongozi miongoni mwa wenye nafasi ya kuhudhuria tu, tutakuwa tunawapandisha ngazi waliokwisha kupanda.

Wasichana pia nawatazama kwa makini. Katika vikundi vingi nilivyovikuta, wao ndio wengi kwenye fagio, na mwenyekiti ni mvulana. Ufukweni siku ile daftari lilikuwa mikononi mwa binti wa kidato cha tatu, na nilifurahi mno.

Naunga mkono kazi hizi, kwa sharti moja ambalo sitalilegeza: vijana wachague kazi wenyewe, na hesabu waliyoiandika ifike kwenye kikao cha watu wazima na kujibiwa. Kura hawana, lakini hakuna kinachomzuia mwenyekiti kumpa mtoto dakika chache asome alichokihesabu. Bila hivyo, viroba vitajazwa kila mwezi na kuraruliwa na kunguru kila mwezi, na vijana watajifunza kwamba kujituma ni kufanya kazi iliyowashinda wakubwa, kisha kunyamaza.

Binti yule aliandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa na kunionyesha nakala. Ina mistari mitano. Mitatu ya kwanza ni salamu na idadi ya viroba. Wa nne unauliza gari la taka hupita siku gani. Wa tano unaomba dakika kumi katika mkutano ujao. Dakika kumi amekubaliwa. Siku ya gari bado hajaambiwa.