Nguzo za goli si chuma chakavu

Kuna shule moja huku Nyamagana, jijini Mwanza, imeng'oa magoli yake ya zamani na kuyauza kwa kilo. Kwa kilo! Vijana wakaja na mkokoteni na grenda, wakakata, wakapima, wakaondoka. Nilipouliza, mwalimu akanijibu kwa upole wote: "Mama, ile si kutu tu?" Wiki hiyohiyo wazazi tukapokea ujumbe wa kuchangia madawati.

Haya, tupige hesabu, maana ndiyo wanayofundisha pale. Goli la kipimo rasmi lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Magoli mawili, nguzo na mtambaa panya, ni mita 24 na ushee za bomba, achilia mbali vile visiki vilivyobaki kwenye zege. Benchi la watu watatu halili hata mita 6. Yaani mabenchi manne yamepanda mkokoteni na kushuka mlima, na sisi tumeambiwa tuchange.

Benchi langu la mabomba ya goli lipo barazani. Fundi wa kuchomelea alinishangaa kwanza, kisha alipopiga msasa ile kutu akakuta chini yake chuma kizima, kinene kuliko mabomba anayouziwa dukani siku hizi. (Kama bomba limepakwa zinki, lichomelewe nje kwenye upepo, moshi wake unalaza mtu na homa.) Sehemu ya kukalia nikaipeleka Mwaloni, kwenye soko la samaki, kwa mzee anayeshona nyavu. Wavu wa goli una matundu mapana, ukiukalia hivihivi unazama. Mzee akaukunja mara mbili, akauvuta kwa vidole kipande kwa kipande, na kila palipokatika akapatupa bila huruma: "Binti yangu, huku jua limeshakula." Kilichobaki akakifunga kwenye bomba kwa sindano yake, fundo baada ya fundo, kila moja akilivuta mpaka kamba inalia. Shemeji yangu, na kilo zake zote, alipofika akasimama mlangoni: "Sasa shemeji, tukae au tupige penalti?" Akakaa. Mpaka chai inaisha hajanyanyuka.

Mji huu umejaa mikono inayojua nyavu tangu utotoni. Nyingi tunaziona zikikamatwa na kuchomwa moto, haramu ni haramu, sibishani. Ila ile mikono nayo tuipe kazi nyingine.

Kinachoniuma zaidi ni meza za tenisi ya mezani. Zimeegeshwa stoo za shule na kumbi za vijana, mguu mmoja umevunjika, basi zimehukumiwa. Jamani, meza hiyo ina kimo cha sentimita 76. Pima meza yako ya chakula sasa hivi uone kama kuna tofauti. Urefu wake ni mita 2.74, na nyingi zimeundwa vipande viwili, kwa hiyo kila kipande ni kama mita 1.37 kwa 1.52. Hiyo ni familia nzima imezunguka sato na ugali, na viwiko havigongani. Plaiwudi ikiwa imevimba pembeni, seremala anakata ule ukingo, anapiga ubao mwembamba wa mninga kuzunguka, vanishi juu, kazi imekwisha. Ule mstari mweupe wa katikati mimi ningeuacha.

Badala yake tunapanga foleni kwenye maduka yenye vioo kununua meza ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Mwaga maji mara moja, inavimba kama andazi. Hiyo ndiyo "ya kisasa". Ya mtu aliyefikiri ni "ya kimaskini". Huko Marekani mbao za sakafu ya mpira wa kikapu zikichoka zinageuzwa meza, mistari ya uwanja imo vilevile, na mnunuzi anaongezewa bei kwa sababu ya hiyo mistari. Kwetu angechekwa.

Sawa, nakubali: si kila kitu kiingie sebuleni. Magodoro ya mazoezi yaliyonyonya jasho miaka yote yaachwe hukohuko, usije ukaleta kunguni kwa jina la ubunifu. Na najua mali ya umma ina taratibu zake za kufutwa kwenye vitabu. Lakini kama taratibu hizo zinamruhusu mwenye mkokoteni, zimruhusu na seremala.

Mimi kwa sasa jicho langu liko kwenye baa moja ya Igoma, ambako meza ya puli imechanika kitambaa na imesukumwa nyuma karibu na makreti. Chini ya kile kitambaa kuna jiwe zito, limelala sawasawa, linalotaka wanaume wanne kulinyanyua. Mwenye baa anadhani natania. Fundi wangu ameshaanza kuchomelea miguu.