Bibi harusi mweusi si wa kupaushwa

Harusi za Kisumu siku hizi zina desturi yake: watu wakitoka kanisani, msafara unateremka Dunga au mahali pengine kando ya ziwa kupiga picha. Na kwenye picha hizo, mara nyingi mno, bibi harusi ana rangi mbili. Shingo nyeusi, mabega meusi, uso wa kijivu. Hilo linaniudhi, na linaniudhi zaidi mashangazi wanapoanza kusifu: "Leo umetoka mweupe, umependeza kweli!"

Sina ugomvi na mekapu. Wanja, lipstiki, kope za kubandika, kila mtu na apendavyo. Ninayemlalamikia ni mpambaji anayefanya kazi katika mji wa watu weusi tititi huku mkobani ana faundesheni tatu tu, yaani vipodozi vya rangi ya ngozi vya kupaka uso mzima, zote za maji ya kunde.

Uso kuwa kijivu kuna sababu yake. Faundesheni nyingi hutiwa titani dioksidi, unga mweupe unaosaidia kufunika madoa, kisha oksidi za chuma nyekundu, za manjano na nyeusi ili ifanane na ngozi. Weupe ukizidi na wekundu ukipungua, ngozi nyeusi hupauka. Mpiga picha naye akiwasha flashi, weupe ule unarudisha mwanga, uso unatoka kama wa mzuka. Bado jua la saa saba mchana na jasho lake.

Huwezi kusema tena kwamba rangi zetu hazitengenezwi. Mwaka 2014 mwigizaji Lupita Nyong'o, ambaye kwao ni huku huku Kisumu, alichaguliwa na kampuni ya vipodozi ya Lancôme kuwa balozi wao. Mwaka 2017 Fenty Beauty ya Rihanna ilitoka na faundesheni za rangi 40, na tangu 2022 inauzwa rasmi Kenya. Ni ghali, nakubali. Lakini chupa moja hupaka nyuso nyingi, na mtu anayelipwa kwa kila uso anaopamba hawezi kuniambia kwamba rangi ya wateja wake wengi ndiyo aliyoshindwa kununua.

Kinachonitia hofu hasa ni yale yanayofuata. Msichana ameona picha, amesikia sifa, ameambiwa anakaribia rangi ya thao, yaani ule weupe unaosifiwa mitaani. Jumatatu akinawa, sifa zimekwisha. Hapo ndipo krimu za kuchubua zinapompata. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, ila bado vinauzwa chini kwa chini. Zebaki inaharibu figo. Haidrokwinoni ikipakwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi ya samawati, yaani giza lile lile alilokuwa akilikimbia, na sasa halitoki. Tunamcheka binti huyu, tunamwita mshamba, ilhali sisi ndio tuliompigia vigelegele akiwa kijivu.

Kwa hiyo dada, ukipanga harusi, mwone mpambaji wiki mbili tatu kabla. Akupake kwenye taya kuteremka shingoni, kisha utoke nje ujitazame juani, usitegemee taa za saluni. Mwulize rangi yake nyeusi kuliko zote ni ipi, akuonyeshe chupa. Akisema atachanganya, achanganye siku hiyo hiyo ukiona, si asubuhi ya harusi magari yakipiga honi nje.