Anayekaa nyuma

Pikipiki ya rafiki yetu wa mtaa wa Nkuhungu ilizima mara ya kwanza tulipokuwa tumeshaipita Mlowa Barabarani, tukitoka Dodoma kuelekea bwawa la Mtera. Ilikuwa Septemba, mibuyu haina jani hata moja, na upepo unabeba vumbi jekundu na kulimwaga barabarani. Tulikuwa wanne, pikipiki nne, zote za kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini.

Tulifanya kama kila mtu anavyofanya. Tukafungua kifuniko cha tangi kuangalia kama mafuta yapo. Yapo, tangi limejaa, tulijaza mjini asubuhi ileile. Tukachomoa plagi, tukaikuta nyeusi, tukafunga mpya. Kiki moja tu, ikawaka. Tukapongezana, tukaondoka.

Baada ya Manzase ikazima tena. Safari hii tukafungua kabureta, tukasafisha bakuli lake la chini, tukapuliza kwa mdomo jeti yake, kile kipande chenye tundu jembamba la petroli. Ikawaka. Karibu na Fufu ikazima mara ya tatu, na hapo mwenye pikipiki alishaanza kusema turudi, au sisi tuendelee yeye abaki atafute lori. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na mbuzi wake akasimama. Tukamwamkia shikamoo, akaitika, akatupa pole, kisha akakaa kwenye jiwe kutusubiri kana kwamba safari ni yake pia.

Aliyeupata ugonjwa ni mwenzetu wa Chang'ombe, mtaa mwingine wa Dodoma. Hakuwa fundi kutushinda. Ila tangu tutoke mjini alikuwa wa mwisho kwenye mstari, na aliona kitu ambacho sisi wa mbele tusingeweza kukiona.

"Kaka, nimekuangalia kwa nyuma mara zote tatu," akamwambia. "Haikati ghafla. Inalegea kwanza, inashtuka-shtuka, halafu ndiyo inazima. Ingekuwa ni moto wa plagi, ingekata palepale. Hii ina njaa ya mafuta."

Akainamisha sikio kwenye tangi na kufungua kifuniko polepole. Tukaisikia wote: fyuuu, hewa inaingia ndani kwa nguvu.

Pikipiki za aina yetu hazina pampu ya mafuta. Petroli inashuka yenyewe kutoka kwenye tangi hadi kwenye kabureta, na kila inaposhuka lazima hewa iingie juu kuchukua nafasi yake. Hewa hiyo inapita kwenye kitundu kidogo sana cha kwenye kifuniko. Kitundu kikizibwa na vumbi lililochanganyika na maji ya kuoshea, petroli inazidi kushuka kwa shida, mpaka injini inakufa ikiwa na tangi limejaa. Tena likijaa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hewa iliyobaki juu ni kidogo. Na sisi kila tuliposimama, kitu cha kwanza kilikuwa kufungua kifuniko. Kwa hiyo tulikuwa tunaiponya bila kujua, halafu sifa tunaipa plagi, halafu kabureta.

Akavunja mwiba wa mgunga pembeni ya barabara, akakizibua kile kitundu, akapuliza. Dakika tano hazikufika. Mzee akacheka kwa furaha ya kweli, akatuaga, akawafuata mbuzi wake. Pikipiki ile haikuzima tena mpaka tunakula samaki Mtera.

Nimeisimulia hii kwa kirefu kwa sababu nina jambo nalitaka kwa wote wanaosafiri na pikipiki kwa makundi hapa Dodoma. Tuache kumweka nyuma yule dhaifu. Karibu kila kundi ninaloliona likitoka mjini Jumamosi asubuhi, wenye uzoefu na pikipiki zenye nguvu wako mbele, na mwisho kabisa anahangaika mgeni, au mwenye pikipiki chakavu. Nafikiri ni kinyume. Wa nyuma anatakiwa awe mwendeshaji bora kuliko wote, na begi la spana, pampu ya mkono, tyubu na viraka viwe kwake. Shida ikitokea mbele, wa nyuma ataikuta tu. Ikitokea nyuma na vifaa viko mbele, hapo ndipo mtu anapotelekezwa.

Mimi nimewahi kutelekezwa. Kundi la kwanza kusafiri nalo lilikuwa linaenda Kondoa. Nikapata pancha kabla ya Chemba, na kwa kuwa nilikuwa wa mwisho, hakuna aliyejua. Nilikaa peke yangu juani zaidi ya saa mbili. Wenzangu walifika, wakaagiza chakula, na ndipo mmoja akauliza niko wapi. Aliyenisaidia ni kijana wa bodaboda, alikuwa na abiria, akamwomba abiria wake asubiri kidogo kwenye kivuli, akaniazima pampu na kunishikia tairi. Nilipotaka kumlipa alikataa, akasema hata yeye huwa inamkuta. Sikusafiri tena na kundi lile, na sijutii. Hawakuwa watu wabaya. Ila kwao safari ilikuwa ni kufika, na mimi siwezi kumwita rafiki mtu ambaye hageuki kuniangalia.

Sisi wanne tuna sheria ya kioo. Kila mmoja anawajibika kwa taa ya aliye nyuma yake. Usipoiona kwenye kioo, punguza mwendo. Ukipunguza na bado haionekani, simama. Aliye mbele yako naye hataiona taa yako, atasimama, na mstari mzima unasimama wenyewe bila mtu kupiga simu. Haihitaji mtandao, haihitaji kupiga honi.

Siku ile ya Mtera tulipata kazi nyingine wakati wa kurudi. Cheni yangu ilikatika, na kiungo cha akiba tulichokuwa nacho hakikuingia. Mwenzetu mwingine, wa mtaa wa Kisasa, akaja ubavuni kwangu, akaweka mguu kwenye kikanyagio changu cha abiria, akanisukuma hadi Fufu. Aliyewahi kusukumwa hivyo anajua ukimya wake: injini yako imelala, unasikia ya mwenzako tu, na mguu wake ndiyo safari yako. Hupaswi kushika breki bila kumwambia. Naye hapaswi kuvuta mafuta kwa pupa. Tulikwenda taratibu sana, wa Nkuhungu mbele na wa Chang'ombe nyuma akiwasha taa za ishara, na kila basi liliposikika tulitoka pembeni na kusimama hadi lipite. Simshauri mtu kuifanya kwenye mteremko, wala usiku, wala na mtu asiyemfahamu vizuri. Kuna wenzangu tunafahamiana miaka kumi ofisini, na nisingewapa nafasi ile.

Fufu tulipata fundi chini ya mti, akafunga kiungo kinachofaa, sisi tukinywa soda za moto kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Tuliingia Dodoma giza limeshatanda. Hakuna aliyewahi kufika nyumbani kabla ya mwingine, tuliagana pale pale tulipokutana asubuhi.

Mwezi ujao tunapanda Kondoa hadi Kolo, kwenye michoro ya miambani. Ni njia ileile ya pancha yangu. Nimeomba zamu ya nyuma iwe yangu, na begi la spana limeshahamia kwangu. Nimeongeza kiungo cha cheni kwa kila pikipiki, saizi zote nne, na mwiba wa mgunga ule wa Fufu nimeufunga kwenye kitambaa, uko mfuko wa mbele.